Setilaiti huona bati, maji huingia mlangoni: ramani zinavyoisaidia Dar es Salaam kujipanga kwa mafuriko

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, swali la kwanza kwenye simu za watu ni moja: Jangwani panapitika? Barabara ya Morogoro, mojawapo ya njia kuu za kuingia katikati ya jiji, inakatiza bonde la Mto Msimbazi mahali ambapo bonde ni pana na tambarare. Mto ukifurika, barabara hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na mtu aliyeko Magomeni anayaona maghorofa ya Kariakoo kwa macho lakini hana pa kupita.

Desemba 2011 ilikuwa mbaya zaidi. Mvua iliyonyesha siku zile ilitajwa na mamlaka kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, maelfu wakabaki bila makazi, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na shule za watoto wao na mbali na vibarua walivyovitegemea. Tangu wakati ule, mabadiliko ya tabianchi yamezungumzwa sana katika semina na hotuba. Lakini mpangaji wa mji hawezi kufanya kazi kwa kujua tu kwamba mvua zitakuwa kali. Anahitaji kujua maji yatafika mtaa gani, nyumba zipi, kwa kina gani, na baada ya saa ngapi tangu mvua ianze kule juu Pugu. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na taarifa za kijiografia, na ndiyo ninayotaka kuifafanua hapa, kwa sababu inahusu fedha nyingi na makazi ya watu wengi, na mara nyingi inasimuliwa kana kwamba setilaiti zimeshaimaliza.

Taarifa ya kijiografia ni taarifa yoyote iliyofungwa na mahali pake. "Mtaro umeziba" ni habari. "Mtaro huu, kwenye nukta hii ya latitudo na longitudo, wenye upana wa sentimeta 60, umeziba kwa taka hadi nusu" ni taarifa ya kijiografia. Ukishakuwa na nyingi za namna hiyo unazipanga kwenye kompyuta kama matabaka: tabaka la mito, la barabara, la nyumba, la mwinuko wa ardhi, la mipaka ya kata. Programu kama QGIS, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, hukuwezesha kuyalaza matabaka hayo moja juu ya jingine na kuuliza maswali: zahanati zipi ziko ndani ya eneo ambalo maji hufika? Barabara hii ikikatika, watu wa mtaa ule watatokea wapi?

Kwa mafuriko, maswali yenyewe ni matatu, na huwa yanachanganywa. Kwanza, maji yatafika wapi. Pili, nani na nini kiko hapo yanapofika. Tatu, wataumia kiasi gani. Bonde tupu likijaa maji hakuna maafa. Nyumba mbili zikiingiwa na maji ya kina kimoja, ya tofali za saruji itafutwa matope na watu watarudi kulala, ya udongo na fito inaweza kuanguka. Kila swali lina taarifa zake, na kila taarifa ina mahali inapopatikana.

Nianze na la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye ugumu mwingi. Maji hufuata mteremko, hivyo msingi wa kila ramani ya mafuriko ni ramani ya mwinuko. Februari mwaka 2000, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko kwa rada. Matokeo yake yanapatikana bure, na kwa nchi zetu yalikuwa neema: kwa mara ya kwanza mtu yeyote aliweza kupakua mwinuko wa wilaya yake bila kumwomba mtu ruhusa. Taarifa hizo zimegawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, kila mraba una namba moja ya mwinuko.

Sasa ichukue miraba hiyo uipeleke Tandale. Mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900. Ndani ya eneo hilo kuna nyumba kadhaa, uchochoro, mtaro, choo, pengine na duka la mangi, vyote vikipewa namba moja ya mwinuko. Na namba yenyewe inaweza kukosea kwa mita kadhaa, ilhali tofauti kati ya nyumba inayoingiwa na maji na ile isiyoingiwa mara nyingi ni nusu mita. Kuna kasoro nyingine isiyoonekana haraka: rada ile haikupima udongo, ilipima kitu cha kwanza ilichokutana nacho. Penye miti ilipima matawi, penye nyumba ikapima mapaa. Kwa hiyo mji uliojengwa kwa kubanana huonekana umeinuka kuliko ulivyo. Mwaka 2019 watafiti wawili wa taasisi ya Climate Central, Scott Kulp na Benjamin Strauss, walisahihisha kosa hilo kwa maeneo ya pwani duniani kote, wakakuta kwamba idadi ya watu wanaoishi chini ya viwango ambavyo bahari inaweza kufikia ni takribani mara tatu ya ile iliyokuwa ikikadiriwa. Bahari ilikuwa ile ile na watu walikuwa wale wale, kilichobadilika ni kipimo cha ardhi tu.

Ndiyo maana miji inayotaka jibu la kweli hushuka chini. Njia moja ni droni. Ndege ndogo isiyo na rubani hupita juu ya mtaa ikipiga mamia ya picha zinazopishana, na kwa kulinganisha kitu kimoja kinavyoonekana kutoka pembe tofauti, kompyuta hukokotoa urefu wake. Wapimaji huweka alama ardhini na kuzipima kwa vifaa vya GPS vya usahihi mkubwa ili picha zisielee hewani bila kushikwa na chochote. Zanzibar ilifanya hivyo kuanzia 2016, Unguja na Pemba nzima, kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Benki ya Dunia, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ndio waliorusha sehemu kubwa ya safari hizo. Picha zao zilikuwa na usahihi wa sentimeta chache, kiasi cha mtu kuutambua mtumbwi mmoja mmoja ufukweni. Kwa visiwa ambavyo bahari inazila fukwe zake na maji ya chumvi yanaingia mashambani, kumbukumbu hiyo ya ukanda wa pwani ulivyokuwa mwaka fulani ina thamani ambayo itaongezeka kila mwaka unaopita.

Njia nyingine ni kipimo cha leza kutoka kwenye ndege, ambacho miale yake hupenya kati ya majani na kugusa udongo. Ni ghali, lakini katika bonde lenye miti na majani marefu kama Msimbazi, droni peke yake itakuletea mwinuko wa majani.

Hata ukiwa na mwinuko safi kabisa, bado hujapata mafuriko ya mjini, kwa sababu mjini maji hayafuati mteremko tu. Yanafuata mitaro, yanapita chini ya barabara kwenye makalavati, yanazuiwa na ukuta wa jirani aliyejenga juzi. Hakuna setilaiti inayoona ndani ya kalavati.

Hapo ndipo mradi wa Ramani Huria ulipoleta tofauti Dar es Salaam. Ulianza rasmi 2015, baada ya jaribio lililofanyika Tandale mwaka 2011, ukiwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi wa kata zenyewe, Shirika la Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na shirika la HOT, ambalo huchora ramani za misaada ya kibinadamu ndani ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na kurekebishwa na yeyote. Kabla ya hapo, maeneo makubwa ya jiji ambalo zaidi ya nusu ya watu wake wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa yalikuwa meupe kwenye ramani: barabara kuu zimechorwa, kisha pengo.

Kazi ya mitaro ilikuwa hivi. Timu ya watu wachache, wenye simu na futi ya kupimia, inafuata mtaro tangu unapoanzia hadi unapomwaga. Kila baada ya kipande wanasimama na kuandika: upana wa juu, upana wa chini, kina, umejengwa kwa zege, mawe au ni udongo tu, una mfuniko au uko wazi, umeziba au unapitisha. Penye kalavati wanainama na kupima mdomo wake. Wanapiga picha, wanaiambatanisha na nukta, wanasonga mbele. Mara kwa mara mtaro unaishia uani kwa mtu, au unapotea chini ya kibanda, na hapo inabidi kumwita mwenye nyumba. Na ukishamwita unapata taarifa ambayo hukuifuata. Mama aliyeishi pale miaka ishirini atakuonyesha mstari wa matope ukutani: "Ya mwaka ule yalifika hapa, ya mwaka jana hapa." Anakwambia maji hayakutoka mtoni, yalitoka upande wa barabara, kwa sababu barabara ilipoinuliwa kwa lami mpya, uwanja wake ukabaki shimoni. Mstari ule ukipimwa urefu wake ni takwimu halali kabisa. Wataalamu wa mafuriko huutumia kuangalia kama hesabu zao za kompyuta zinasema kweli.

Nakisisitiza kipengele hiki kwa sababu kinapuuzwa. Mipango mingi ya ustahimilivu huanzia kwenye picha za angani na kuishia hapo, kisha wakazi wanaitwa ukumbini kuonyeshwa matokeo. Kumbukumbu za wakazi si mapambo ya kuonyesha ushirikishwaji. Kwa mji usio na vipima maji kwenye kila kijito, ndizo kumbukumbu pekee za kina cha maji ya miaka iliyopita.

Mwinuko, mitaro, kiasi cha mvua na aina ya ardhi (bati na saruji havinywi maji, bustani inakunywa) vinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inayatembeza maji juu ya mji wa kuigiza. Matokeo ni ramani ya vina, na chini yake huandikwa maneno yanayopotosha wengi: mafuriko ya miaka 50. Mtu huyaelewa kwamba yakishatokea mwaka huu, tumepumua kwa nusu karne. Maana yake siyo hiyo. Ni mafuriko ambayo kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 2 kutokea, yawe yalitokea mwaka jana au hayakutokea. Kwa aliyejenga nyumba anayotarajia kuishi miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja unafika kama asilimia 45. Na hesabu hiyo inategemea mvua za zamani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na mvuke huo hurudi kama mvua za muda mfupi zenye nguvu. Kwa hiyo ramani ya leo iliyojengwa kwa mvua za miaka ya 1970 inaweza kuwa inaita "ya miaka 50" kitu ambacho sasa kinakuja mara nyingi zaidi. Mpangaji mwangalifu huendesha hesabu zake kwa mvua kali kuliko zilizowahi kurekodiwa, aone ni wapi mji unaanza kuvunjika.

Swali la pili, nani yuko hapo, limerahisishwa sana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 Google ilitoa bure ramani ya majengo zaidi ya milioni 500 ya Afrika, yaliyotambuliwa na kompyuta kwenye picha za setilaiti. Lakini jengo si kaya. Paa moja Manzese linaweza kufunika vyumba vinane vya wapangaji, kila chumba na familia yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, zaidi ya milioni moja juu ya ile ya 2012, na ongezeko hilo halikujigawa sawasawa kwenye mapaa.

Jambo moja ambalo Ramani Huria ililifanya, na ambalo naliona la akili kuliko teknolojia yote iliyotumika, ni kuchora mipaka ya mashina, yale makundi madogo ya nyumba ndani ya mtaa. Shina lina mjumbe wake, na mjumbe anajua nani mgonjwa wa kubebwa, nani ana watoto pacha wachanga, mzee gani anaishi peke yake. Kata ya mjini ina watu maelfu kwa maelfu, tahadhari ikitolewa kwa kata nzima kila mtu anadhani anaambiwa mwingine. Ikitolewa kwa shina, inamfikia mtu mwenye jina. Wajumbe walikaa na wachoraji, wakaonyesha kwa kidole uchochoro ambao shina lao linaanzia na linapoishia. Mipaka hiyo haikuwa kwenye ramani kabla ya hapo.

Kuhusu swali la tatu, la kuumia, nitaje kimoja tu ambacho ramani nyingi hukikosa: vyoo. Mvua kubwa ikija, wapo wanaotapisha vyoo vya shimo ili maji ya mvua yabebe uchafu. Kwa anayeishi chini ya mteremko, hayo si maji ya mvua tena, ni kipindupindu. Ukilaza tabaka la vyoo vya shimo juu ya tabaka la njia za maji, unaona mitaa inayopaswa kupewa dawa za kutibu maji ya kunywa hata kama maji ya mafuriko hayazidi kifundo cha mguu.

Na setilaiti zenyewe? Zina kazi yake. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa 2014, hutumia rada inayopenya mawingu, na kwa mafuriko ya Rufiji, yanayolala mashambani kwa wiki nzima, ni chombo kizuri mno. Kwa Jangwani inasaidia kidogo, maana inapita baada ya siku kadhaa wakati maji ya Msimbazi hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na katikati ya majengo mwangwi wa rada huvurugika. Kwa joto la mjini, setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat zinaonyesha vizuri mitaa isiyo na miti inavyowaka kuliko Oysterbay yenye miti mingi, ila bati jipya linalong'aa huzidanganya: hutoa mionzi kidogo ya joto, likaonekana la baridi wakati aliye chini yake anaungua. Anayepanga kupanda miti kwa kufuata ramani ya namna hiyo bila kuingia ndani ya nyumba moja na kipimajoto ataipeleka miti mtaa usiostahili.

Sasa yote haya yanaishia wapi? Yanaishia kwenye mstari. Siku moja mtu atachora mstari kwenye ramani na kusema: ndani ya hapa msijenge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inaweka mstari huo mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni mstari rahisi kupima na rahisi kutetea mahakamani. Lakini maji hayajui mita 60. Kule juu penye kingo zilizoinuka, nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Jangwani na Kigogo, maji husambaa mamia ya mita. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa. Wengi wa waliovunjiwa hawakuwa na mahali pengine, na baadhi walirudi mabondeni, wakajenga kwa vifaa duni zaidi kuliko vya awali. Nyumba ziliondolewa, watu wakabaki na udhaifu mkubwa zaidi.

Njia iliyofuata ilikuwa tofauti, na naiunga mkono. Mwaka 2018 wakazi, wahandisi, idara za serikali na wataalamu walikaa pamoja katika mfululizo wa mikutano kuhusu bonde lile, safari hii ramani za kina cha maji zikiwa mezani. Mpango uliotoka 2019 haukutegemea mstari mmoja. Uligawa bonde kwa jinsi maji yanavyotenda: sehemu ya chini mto upanuliwe na pembeni pawe bustani ya mji inayoruhusiwa kufurika, kingo ziinuliwe ili pajengwe juu ya kifusi kilichochimbwa, karakana ya mabasi ya mwendokasi ihamishwe kutoka Jangwani, daraja liinuliwe. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili hiyo. Waliotakiwa kuondoka walitathminiwa nyumba kwa nyumba, na hapo ramani iliyochorwa kabla ina kazi ya pili: ni ushahidi kwamba nyumba yako ilikuwepo. Mkazi wa eneo lisilopimwa, asiye na hati, akiwa na picha ya droni ya mwaka fulani inayoonyesha paa lake, ana hoja ambayo baba yake hakuwa nayo.

Upande wa pili wa jambo hilo usifichwe. Ramani ya hatari ikiwekwa wazi, anayekopesha na anayenunua kiwanja wataisoma pia, na bei ya eneo inaweza kuporomoka kabla mwenye nyumba hajasikia lolote. Kwa maoni yangu jibu si kuificha. Ni kuhakikisha inabandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili na kwa majina ya mahali ambayo watu wanayatumia, siku ile ile inapomfikia mtu wa benki.

Kuna gharama moja ambayo bajeti huisahau. Msimbazi hubeba mchanga mwingi kutoka Pugu na kingo zinazomomonyoka, na kuubwaga Jangwani mto unapopunguza mwendo. Sakafu ya mto hupanda, uwazi chini ya daraja hupungua, na mvua ile ile ya mwaka juzi huleta maji ya juu zaidi. Maana yake ni kwamba kipimo cha mwinuko cha bonde lile huanza kuzeeka masika ya kwanza tu baada ya kupimwa. Mitaro nayo hubadilika kila mtu anapojenga ukuta. Fedha za wafadhili huja kwa ajili ya kupima mara ya kwanza, na kurudia ni juu ya halmashauri: droni, mafundi wawili watatu waliofundishwa na wanaolipwa mwaka mzima, na fungu la kuwatuma tena bondeni kila Juni, masika yakishaisha, kabla vuli haijaja.